Damu ya Rangi ya Kahawa

Kufikia saa tatu asubuhi, umati mbele ya kituo cha polisi ulikuwa umefunga barabara nzima, na wote walikuwa na dai moja: wapewe Dative.

Inspekta Waridi aliiacha pikapu nyuma akapita kwa miguu, begi lake likiwa kifuani. Karibu na geti mwanamke mmoja alimshika mkono, akamtia kiganjani kifuko cha plastiki chenye unga wa buluu.

"Ndio hii sumu, Madame. Tuliikuta mu kikapu yake. Angalia rangi! Wale watoto waligeuka rangi hii hii."

"Nani aliikuta?"

"Sisi wote."

"Nipe jina ya mutu mumoja."

Yule mwanamke alirudi nyuma kwenye umati. Waridi alikifunga kifuko kwenye karatasi, akaandika saa juu yake, akaingia ndani.

Dative alikuwa ameketi sakafuni kwenye selule, chumba cha mahabusu, blauzi imechanika begani, damu imekauka chini ya sikio. Alikuwa dobi. Aliwafulia nguo majirani wawili waliokaa uwanja mmoja, yaani ua mmoja wa nyumba kadhaa, mtaani Bwiza: Kaltum, ambaye mwanawe Jaffar wa miezi kumi alifariki Jumapili na kuzikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, na Lamya, ambaye binti yake Houda wa miezi minane alikimbizwa hospitali alfajiri hii, Jumanne, midomo ikiwa imeiva kama zambarau. Watoto wawili, dalili moja, na mtu mmoja aliyeingia nyumba zote mbili. Vijana wa mtaa walimfuata Dative kabla hajamaliza kuvaa viatu. Kama polisi wangechelewa dakika tano, wangekuta maiti.

"Nitakuuliza, na utanijibu nilichouliza tu," Waridi alisema. "Dimanche, ile Jumapili, Jaffar alikula nini mbele yako?"

"Uji. Mama yake aliupika. Mi nilimushikia kikombe."

"Alimaliza?"

"Apana. Ulikuwa unamwagika. Kama mutu hajui kufunga mudomo."

"Na Houda, jana?"

"Houda alikataa kila kitu. Hata ziwa. Maziwa inamutoka tu hapa." Aligusa kidevu chake. "Nilimwambia Lamya, huyu mutoto hako sawa. Mi ndio nilimwambia, Madame!"

"Hii buluu?"

"Ni ya kufulia mashati nyeupe ya baba yake Houda. Kila nyumba iko nayo. Kwetu, kwenu, kila mahali."

"Uligombana na mama mumoja wao?"

Dative aliishika blauzi yake iliyochanika.

"Kaltum alinitukana mwezi uliopita. Niliunguza mutandio wake ya Idi na pasi."

"Nani alisikia?"

"Wote wa uwanja."

Mkuu wa kituo alikuwa akimsubiri Waridi kwenye korido, dirisha likiwa limefungwa kuzuia kelele za nje. "Sumu iko. Mtuhumiwa yuko. Sababu iko," alisema. "Saa kumi faili inaenda kwa mwendesha mashtaka na yule mwanamke anaenda gerezani. Nina askari sita tu. Unataka nini tena?"

"Jina la sumu," Waridi alijibu.

* * *

Daktari Libère hakuwa amelala. Alimpokea Waridi kwenye chumba kidogo cha maabara, akamwonyesha kichupa cha damu aliyoitoa kwa Houda alfajiri. Alidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Kisha akajichoma kidole mwenyewe, akaweka tone lake pembeni.

Tone la daktari lilikuwa jekundu. La mtoto lilikuwa na rangi ya kahawa iliyopoa.

"Lipepee," Libère alisema.

Waridi alilipepea kwa daftari lake dakika nzima. Rangi haikubadilika.

"Damu ya kawaida ikipata hewa inakuwa nyekundu. Hii imeharibika. Nilimwekea oksijeni mtungi mzima, haikusaidia kitu, kwa sababu damu yenyewe haiwezi kuibeba. Mtoto anakosa hewa huku mapafu yake ni mazima."

Waridi akafungua karatasi yenye kifuko cha buluu. "Hii inaweza?"

Libère aliinusa, akaisugua kati ya vidole. "Hii ingempaka rangi ulimi, ufizi, hadi choo chake. Nimemwangalia mdomo mzima. Hakuna hata doa. Madame, huyu mtoto hakugeuka buluu kwa kula buluu. Aligeuka buluu kwa kukosa hewa."

"Basi ni nini kinafanya damu hivi?"

"Maji ya kisima yaliyoingiwa na mbolea. Rangi fulani za viwandani. Dawa fulani. Orodha ni ndefu." Alijipangusa uso. "Dawa ya kuizuia ninayo. Tulikuwa na chupa mbili hospitali nzima. Nimetumia moja saa mbili, na utaona, rangi imemrudia. Nimepiga simu hospitali nne nyingine. Hakuna hata moja. Kwa hiyo kama kuna kitu nyumbani kwao bado anakila, nakuomba ukipate leo."

Houda alikuwa wodini mapajani mwa bibi yake, Bibi Soumaya, mwanamke mnene wa miaka sabini mwenye shungi jeupe, ambaye ukoo wake ulikuwa na duka la vitambaa Bwiza tangu enzi za babu zake waliotoka Oman. Midomo ya mtoto ilikuwa na wekundu wa kawaida. Mama yake, Lamya, alikuwa amesimama kwenye kichwa cha kitanda kana kwamba akikaa kitatokea kitu. Mumewe alikuwa Kigoma kutafuta bidhaa, na tangu alfajiri simu yake haikupatikana.

"Anakunywa maji gani?" Waridi aliuliza.

"Ya kisima, ile ya uwanja. Bomba halitoki tangu wiki mbili," Lamya alisema. "Lakini ninachemsha."

"Uwanja ina watoto wangapi wanaokunywa maji ile?"

Lamya alihesabu kwa midomo. "Tisa. Kumi na moja na hawa wawili."

"Na wale tisa?"

"Wazima. Wanacheza."

Waridi aliandika: *kisima, watoto 11, wagonjwa 2*. Akaongeza: *wote wawili hawajafika mwaka*.

"Mulimupa dawa? Ya homa, ya kikohozi, ya miti shamba?"

"Dawa hakuna," Lamya alisema.

"Hakuna kabisa," Bibi Soumaya alikazia, akimtikisa mtoto taratibu. "Sisi si watu wa kujaza watoto madawa."

Waridi alipofika mlangoni alisikia ndara nyuma yake. Lamya alimfuata hadi kwenye korido, akaangalia huku na huku, akainamisha kichwa.

"Dada, naona haya. Lakini pengine ni mi ndio niko na sumu."

"Vipi?"

"Ziwa langu linakufa. Tangu samedi, ile Jumamosi. Nikimaliza kumunyonyesha Houda, hapa mbele sisikii kitu. Nikijifinya, kama ninafinya nguo. Pengine mutoto anapata kwangu? Pengine ni maziwa yangu?" Machozi yalimtoka bila sauti. "Kama ni maziwa yangu niambie, niache kumupa."

"Linakufa kwa muda gani?"

"Nusu saa. Saa nzima. Halafu linarudi."

"Yote mawili?"

"Lile alilonyonya tu."

Waridi aliandika maneno hayo yalivyo. "Mwambie dokteri hivyo hivyo, usione haya. Na usijilaumu kabla sijarudi."

* * *

Nyumbani kwa Kaltum mikeka ya msiba ilikuwa bado imetandikwa. Wanawake walisogea kumpisha Waridi. Sylvère, askari aliyekuwa dereva wake kwa miaka minane, alibaki uani akichota maji ya kisima kwenye chupa safi. Mbinu ilikuwa ya kawaida: usiache kukipima kitu eti kwa sababu unadhani hakihusiki.

Kaltum alikuwa na miaka kama thelathini. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Umeshamukamata. Unataka nini kwangu?"

"Nataka Jumapili, toka asubuhi. Usiache kitu, hata kile unaona hakina maana."

"Aliamuka analia. Meno yanatoka, analiaka kila asubuhi. Nilimubeba, akanyamaza. Saa mbili Dative akafika. Uji haukupita, ulimwagika. Saa tatu nikamwona ameuma mudomo wake, wa chini hapa, na yale meno mawili. Damu inatoka mpaka kwenye nguo. Na hakulia." Kaltum alimwangalia Waridi usoni kwa mara ya kwanza. "Mutoto gani anajiuma mpaka damu na halii? Alikuwa ananiangalia tu. Hapo ndio nikajua wamemutupia uchawi. Saa nne akawa mweusi. Saa sita akakata roho hapa, mikononi, tunatafuta gari."

"Alipolia asubuhi, ulimunyamazisha na nini?"

Kabla Kaltum hajajibu, simu ya Waridi ililia. Alikuwa Libère, na alikuwa akiongea huku anatembea.

"Ameanguka tena. Midomo, kucha, kila mahali. Nachukua chupa ya pili. Baada ya hii sina kitu, Madame. Sina kitu."

Saa ilikuwa saba na dakika kumi.

Ndani ya pikapu Sylvère aliendesha mkono mmoja ukiwa kwenye honi. Waridi alikuwa amefungua daftari magotini.

"Dative yuko wapi tangu saa kumi na mbili asubuhi?"

"Kwenye selule, Inspekta. Ufunguo niko nao mi."

"Mutoto alipona saa mbili. Kisima iko Bwiza, hakunywa maji yake leo. Dative iko selule. Na mutoto ameanguka tena ndani ya hospitali."

"Basi sumu iko hospitali."

"Imo ndani ya kile chumba." Waridi alipiga kalamu kwenye mstari mmoja, kisha mwingine. Ziwa linakufa. Mdomo umeumwa, mtoto hakulia. Uji unamwagika, mdomo haufungi. "Sylvère, ulishawahi kung'olewa jino?"

"Mawili."

"Kabla hawajang'oa, walikufanyia nini?"

"Sindano. Apana, kwanza walinipaka kitu na pamba, nisisikie sindano. Mudomo wote ukafa ganzi. Nilikunywa maji yakanimwagikia kwenye shati mbele ya kila mu..." Akakanyaga mafuta. Pikapu ilipita taa nyekundu.

* * *

Wodini kulikuwa na kelele. Muuguzi alikuwa amemshika Lamya kiunoni. Bibi Soumaya alikuwa amejitupa juu ya kitanda, mikono yote miwili ikimkinga mjukuu wake, kwa sababu sindano iliyokuwa mkononi mwa Libère ilijaa maji ya buluu iliyokoza.

"Hamumuwekei hiyo! Amekuwa buluu na munamuongeza buluu! Mutaniua mimi kwanza!"

"Bibi, asubuhi alipona kwa hii hii," Libère alisema. Alikuwa akitafuta mkono wa mtoto kwa vidole vyake. "Nipishe. Kila dakika unayonizuia, mtoto anakosa hewa."

Waridi alimzunguka yule bibi, akamkumbatia kwa nyuma, akamwinua kama mtu anayemnyanyua mgonjwa. Alikuwa mzito na alipigana. Libère aliupata mshipa. Buluu ilianza kuingia pole pole, na chumba kizima kiliitazama ikipungua.

Houda alikuwa na rangi ya jivu. Macho yalikuwa nusu wazi, hayaangalii kitu.

"Bibi," Waridi alisema sikioni mwa yule mwanamke, bila kumwachia, "meno ya Houda yanatoka?"

"Mawili ya chini. Yamemutesa, maskini."

"Akilia unamufanyia nini?"

"Namupaka."

"Unamupaka nini?"

"Kile kitu ya meno." Bibi Soumaya alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa jina la sabuni. Aliingiza mkono kwenye fundo la kanga yake akatoa kichupa kidogo cha plastiki, kirefu kama kidole gumba, chenye mafuta mazito yasiyo na rangi. "Napaka kidogo kwenye ufizi na ananyamaza hapo hapo. Hii si dawa, ni ya kupaka tu."

"Mara ya mwisho ni saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Alikuwa analia, dokteri ametoka. Nilimupaka mara mbili, ilikuwa haishiki."

Waridi alichukua kichupa, akakifungua, akapaka tone kwenye mdomo wake wa chini. Akaangalia saa ya ukutani. Kabla mshale haujamaliza mzunguko, mdomo haukuwa wake tena. Aliugusa kwa ulimi na ulimi haukupata kitu.

"Dokteri," alisema, na neno lilitoka zito kama la mlevi. "Ni hii."

Libère aliinusa, akaisugua kwenye mdomo wake mwenyewe, akasubiri. Kisha alimgeukia muuguzi akaagiza pamba na maji, na wakaanza kumsafisha mtoto ufizi, ulimi, ndani ya mashavu, tena na tena, wakitupa kila pamba kwenye beseni.

"Dawa ya ganzi ya madaktari wa meno," alisema bila kuinua kichwa. "Kwa mtu mzima hakuna shida. Kwa mtoto wa miezi minane, inapita kwenye ufizi, inaingia kwenye damu, inaiharibu. Na kila akilia anapakwa tena."

Bibi Soumaya alisikia yote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, akakitazama kidole chake cha shahada.

"Lakini nilimutafutia ili asiumie," alisema.

Lamya alikuwa amegeukia ukuta.

Ndipo yule bibi akainua uso, na Waridi akaona wazo likimfikia. "Vendredi, ile Ijumaa," alisema. "Jaffar alikuwa analia upande ile ya ukuta. Nilimuhurumia Kaltum, hapati usingizi. Nilimugawia nusu kwenye kichupa ya manukato." Alivuta pumzi. "Jaffar. Ni mi nilimuua?"

"Ulimupa mama yake kitu ulichonunua dukani ukijua ni kizuri."

"Sijauliza hiyo, mwanangu."

Waridi alikifunga kichupa kwenye karatasi. "Ulinunua wapi, Bibi? Niambie sasa, kwa sababu kuna wengine walionunua."

* * *

Duka la Tajudini lilikuwa chumba kimoja karibu na soko: sabuni, udi, nyembe, mafuta ya nywele. Kwenye rafu ya juu vilipangwa vichupa vinne sawa na kile. Mwenyewe alikuwa mtu wa heshima zake, kofia nyeupe, ndevu zilizochanwa.

"Ile ya meno ya watoto," Waridi alisema. "Nionyeshe mahali ilitoka."

Hakusita. Alitoa chini ya kaunta kopo kubwa la plastiki, limebaki nusu. Lebo ilikuwa imelowa na kukauka, tope limekula sehemu ya chini yote. Juu yalibaki maneno mawili ya Kifaransa yanayosema ni ya kupaka ufizi, na chini yake mwisho wa neno moja, *caïne*, kama yaishavyo majina ya dawa za ganzi, na tarakimu 20.

"Uliipata wapi?"

"Gatumba. Maji ya muto yalipoingia mu zile nyumba, kuna mahali walikuwa wanatengeneza meno, wakatupa vitu nje. Watu wanaokota, wanauza. Mi nilisoma hapa: gencives. Ufizi. Nani anaumwa ufizi kama mutoto anaota meno? Nilijaribu kwangu mwenyewe, maumivu yakaisha. Nikagawa kwenye vichupa."

"Na hapa chini, ilikuwa imeandikwa nini?"

Tajudini aliangalia tope. "Hapa hakuna kitu."

"Hapa ndipo wanaandikaka mutu gani asipakwe."

Waridi alimweleza kwa sentensi tatu. Tajudini alishika kaunta. "Jaffar?" alisema. "Nilikuwa makaburini. Nilimushika kwenye sanda yake, mi mwenyewe." Akakaa juu ya gunia la sukari.

"Utalia baadaye. Uliuzia nani?"

"Bibi Soumaya. Na wengine watano. Wote nawajua."

"Simama. Utabisha hodi mwenyewe, ili wakuelewe haraka."

Walizunguka Bwiza na pikapu, Tajudini akishuka mlango kwa mlango, akiomba kichupa kwa mikono miwili kama mtu anayeomba maji. Mlango wa kwanza, kilikuwa hakijafunguliwa. Wa pili na wa tatu, watoto walikuwa wakubwa, walipakwa mara moja tu na walikuwa wakikimbia uani. Wa nne, mama alitukana na kukana hadi Waridi alipompaka tone mdomoni akanyamaza mwenyewe. Wa tano, mtoto wa miezi sita alikuwa amelala, na kucha zake zilikuwa na kivuli cha buluu. Sylvère alimchukua kama alivyo, na blanketi lake, na mama yake akakimbia nyuma bila viatu. Hakukuwa na chupa ya tatu ya kumwekea. Libère alimpima, akampigia simu Waridi saa tisa na robo: kiasi kilikuwa kidogo, damu ingejisafisha yenyewe kama hakuna atakayempaka tena.

"Na Houda?"

"Amefungua macho. Amelia." Daktari alishusha sauti. "Bibi yake amekimbilia nje alipomsikia analia. Hataki kumshika. Ananawa mikono kwenye bomba la uani, muuguzi ameshindwa kumtoa."

* * *

Saa kumi kasoro ishirini Waridi aliweka kopo, vichupa na taarifa ya daktari kwenye meza ya mkuu wa kituo. Mkuu alisoma kurasa zote mbili, akasoma tena.

"Aachiliwe," alisema.

"Kwenda wapi?" Waridi alionyesha dirisha.

Umati ulikuwa umeongezeka mara mbili. Mkuu alitoka mwenyewe barazani akasema kwamba hapakuwa na mchawi wala muuaji, ilikuwa dawa mbaya. Walimzomea. Mtu alipiga kelele kwamba polisi wanamficha. Jiwe lilivunja taa ya pikapu. Mkuu alirudi ndani akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Hawanisikii. Na giza likiingia, lile geti halizuii kitu."

Waridi alitoka kwa mlango wa nyuma.

Kaltum alikuwa peke yake safari hii. Wanawake walikuwa wamekwenda kituoni na wengine. Waridi aliketi mkekani, magoti kwa magoti, na hakutafuta maneno ya kuzunguka.

"Nilikuuliza ulimunyamazisha na nini, ukakosa nafasi ya kunijibu."

Kaltum alimwangalia. Kisha akanyanyuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kichupa cha manukato. Kilikuwa kimebaki robo.

"Hii," alisema. "Bibi Soumaya alinipa. Kwa nini unauliza?"

Waridi alimwambia. Alimwambia kuhusu kopo na tope, kuhusu ganzi, kwa nini uji ulimwagika na kwa nini mtoto alijiuma bila kulia. Alimwambia kwamba Houda alikuwa hai kwa sababu ya dawa iliyokuwa imebaki chupa mbili. Kaltum alikigeuza kile kichupa mkononi.

"Dimanche nilimupaka mara tatu," alisema. "Alipoanza kuwa mweusi nikafikiri ni maumivu. Nikamupaka tena."

"Hukujua."

"Nilimupaka tena, Dada."

Alilia kwa sauti ambayo Waridi hakutaka kuisikia, na Waridi alikaa pale pale, mkono wake ukiwa juu ya mguu wa yule mwanamke, hadi ilipokwisha. Haikuchukua muda mrefu. Kaltum alijifuta kwa mtandio.

"Dative yuko hai?"

"Yuko. Lakini hawezi kutoka. Wanasema wanamutaka kwa ajili ya mutoto wako."

Kaltum alitafuta viatu vyake.

Walipofika, watu walimpisha wenyewe, maana kila mtu alimjua, na wengine walianza kuita jina la Jaffar. Alipanda ngazi mbili za baraza. Alikiinua kile kichupa ili wote wakione.

"Mutoto alikuwa wangu," alisema. Sauti haikufika mbali. Waliokuwa mbele waliwanyamazisha wa nyuma. "Mutoto alikuwa wangu na ni mi nilimupa kitu kilichomuua. Mukono yangu hii. Nilifikiri ni ya meno. Dative hakufanya kitu. Kama munatafuta mutu, mi niko hapa."

Mwanaume mmoja mbele kabisa alikuwa na nusu ya tofali. Aliligeuza geuza, kisha akainama akaliweka chini kando ya mguu wake, taratibu, kana kwamba lingeweza kuvunjika. Wanawake wa mstari wa kwanza walianza kuondoka, hawaangaliani.

Sylvère alimtoa Dative dakika kumi baadaye. Mbingu upande wa ziwa ilikuwa imejaa mawingu na upepo ulivuruga vumbi la barabara. Dative alisimama mlangoni, hatua mbili kutoka kwa Kaltum, blauzi imefungwa kwa pini aliyopewa na mkuu wa kituo. Kaltum hakuweza kuinua macho.

"Dative," alisema.

Dative aliangalia mawingu.

"Nguo za Jaffar ziko bado kwenye kamba," alisema. "Tangu dimanche. Hakuna mutu alizianua."

Kaltum alijifunga mtandio wake.

"Mvua inakuja," Dative alisema. "Twende."

Walishuka ngazi pamoja wakapita katikati ya barabara iliyokuwa ikifunguka. Waridi alimwashiria Sylvère, naye akawafuata kwa nyuma, hatua kumi, bunduki ikiwa begani, hadi walipokata kona ya kwanza na matone ya kwanza yakaanza kuanguka.